Poda Mbele ya Jumba la Mawe

Jumba lile silipendi, na nitasema hivyo hata mbele ya walionipa kazi ya kulilinda. Liko juu ya kilima, kaskazini ya mji, mawe matupu, minara ya duara pembeni na vidirisha vyembamba, ungedhani kuna vita vinangojewa. Alilijenga tajiri mmoja wa dhahabu aliyetaka kuishi kama mfalme wa Ulaya. Sasa ni mali ya chuo kikuu, na baadhi ya wanafunzi husomea humo. Mtaa wenyewe umekufa: kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta, mbwa, na miti ya maua ya zambarau inayochafua njia ambayo sisi ndio tunaifagia. Ukitembea huko kwa miguu, gari la ulinzi linakufuata polepole. Mimi ni mlinzi, na bado wananifuata nikitoka kazini nimevaa koti langu mwenyewe. Eish!

Kazi yangu ni geti. Gari likija nauliza, nainua chuma kinachoziba njia, linapita.

Binti yetu alizaliwa hapahapa Johannesburg, tukiwa tumepanga chumba mtaa wa La Rochelle. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Alipopata nafasi chuo hichohicho, nilicheka peke yangu getini kama mwehu. Kabla hata hajaanza masomo akaniambia, "Papa, ukiniona pale usinisalimie. Utaletewa maneno kazini." Nikakubali. Nilijidanganya kwamba ananihurumia. Tangu siku hiyo mpaka anamaliza, alipita mbele yangu akitazama simu, nami nikatazama pembeni.

Sasa, kwetu Bukavu, kule Kongo, mtoto akifaulu anamwagiwa poda. Si kidogo kidogo, hapana: kopo zima, kichwani, shingoni, mpaka awe kama mtu aliyetoka kwenye gunia la unga, na mtaa wote ujue kuna nyumba imepata msomi. Mama watoto alinunua poda mapema. Wamama wa kwaya wakashona vitenge vya aina moja. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: siku hiyo mwanangu asimame mbele ya watu aseme, huyu ni papa wangu. Basi. Sikuomba gari wala nyumba.

Mahafali yalifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa chuo, na mama yake akakaa kule juu kabisa. Baada ya hapo wahitimu wa idara yake walialikwa chai na picha kwenye jumba la mawe. Binti alituambia chai ni ya wahitimu peke yao. Nami nilikuwa zamu. Nikainua chuma, akapita baba mmoja na suti yake. Nikainua tena, akapita bibi na mkongojo. Ikapita familia nzima, na watoto, na maputo. Kumbe kila mhitimu alikuwa na wageni wake! Iliniuma, sitaki kudanganya.

Mara wamama wakatokea kwa miguu kutoka kituo cha teksi, vitenge vinang'aa, makopo ya poda mikononi, wanaimba. Supavaiza wangu akaja mbio. "Hawa hapana. Kelele hazitakiwi hapa, na hiyo poda isiguse ngazi." Akanituma mimi niwazuie, kwa kuwa lugha yao naijua. Nikamsimamisha mke wangu mwenyewe, nimenyoosha mkono kama anavyosimamishwa mwizi. Binti yetu alikuwa juu ya ngazi na joho lake, anapigwa picha. Mama yake akamwita kwa jina, kwa sauti ile ya kwaya. Akageuka. Alituona, haki ya Mungu alituona. Kisha akatugeuzia mgongo, akaichekea kamera.

Mama watoto hakulia. Alifungua kopo.

"Inama, papa ya watoto," akasema. "Aliyesimama juani ni wewe. Basi aliyefaulu ni wewe."

Akanimwagia poda yote, kofia na yunifomu, na wamama wakapiga vigelegele pale barabarani mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Halafu wakaenda zao. Supavaiza akaniambia nijipanguse. Nikamjibu sijipangusi, akitaka anifukuze. Akasonya, akaondoka.

Jioni gari la wazazi wa rafiki wa binti yangu likashuka kutoka jumbani, madirisha wazi. Mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, joho mapajani. Rafiki akaniona, akaangua kicheko.

"Huyu mlinzi kapatwa na nini?"

Binti yangu akanitazama usoni, mara ya kwanza pale getini. Akamjibu kwa Kiingereza chake safi, "Achana naye. Wakongo ndivyo walivyo."

Nikainua chuma, wakapita.