Fungu Nililolichora Nchi Kavu

Ofisi yetu ya ramani ipo Morogoro mjini, ghorofa ya pili. Mimi nilizaliwa juu huko Uluguru, kwa wakulima wa mboga, na mpaka nilipopewa kazi ya kuchora ramani ya hifadhi moja ya pwani pamoja na maji yake, bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu.

Nilichora kwa kufuata picha za setilaiti. Mikoko nikaipa kijani, bahari buluu. Mbele ya mdomo wa mto niliona kipande kirefu cheupe. Nikakiweka kuwa nchi kavu, na juu yake nikapitisha njia ya doria.

Nakala zilipochapishwa nilizipeleka mwenyewe. Askari wa hifadhi, mwanamke wa makamo, alitandaza moja mezani akacheka.

"Dada, njia hii tutaipita kwa miguu?"

"Ndiyo. Si mchanga?"

"Haya, twende."

Tulitembea juu ya mchanga ule, mkavu kabisa, tukawapita wanawake waliokuwa wakiokota chaza. Nikaanza kujiona sijakosea. Muda si mrefu wale wanawake wakajitwisha ndoo zao wakaondoka. Tulipogeuka nasi, maji yalikuwa yameshafika magotini. Nilimng'ang'ania askari mkono.

"Hili ni fungu, mchanga unaofunikwa maji yakijaa," alisema, akinivuta. "Picha yako ilipigwa maji yamekupwa."

Tulifika ufukweni salama. Mtu angeweza kuiamini ramani yangu akafa.

Nilirudi Morogoro na nakala zote. Mkuu wangu alisema kuchapa upya haiwezekani mwaka huu, kwa hiyo nikaanza kuzisahihisha kwa mkono, nikilipaka fungu lote buluu. Siku ya pili mama alikuja kutoka kwetu Mkuyuni kunisalimia, akaketi ananitazama.

"Hapo mtu akisimama anazama?"

"Inategemea saa, mama. Maji yakipwa pakavu, yakijaa panafunikwa."

"Sasa mbona hujaandika hivyo?"

Kwa buluu yangu nilikuwa nimewafutia wale wanawake mahali pao pa kazi. Ilinibidi nirudie: vitone vya kalamu juu ya fungu, na pembeni maneno "hukauka maji yakipwa", nakala moja baada ya nyingine. Mama alinishikia rula huku akilalamika kwamba mwandiko wangu umeharibika tangu nianze kutumia kompyuta.

Wiki iliyofuata nilimtumia askari mzigo kwa basi. Alinipigia simu kusema umefika, na kwamba nakala moja wameshaibandika ukutani.