Mapazia ya Nyumba ya Kagiri

Mimi Opondo ni fundi wa sofa, na nyumba naipima kwa viti. Ile aliyokuwa akiiuza Kagiri kule Kawangware, chini karibu na mto, sebule yake ilimeza viti kumi na vinne. Niliingia, nikasifu rangi mpya, nikapiga hesabu: mtu wetu akifariki, mkutano mzima wa matanga unaenea hapa, hakuna mjomba wa kusimama mlangoni. Nani mwingine hununua nyumba akiwaza matanga? Sisi watu wa ziwa, yawa! Nikamwambia mke wangu Seline tulipe kesho.

"Kesho?" akasema. "Baba Adhis, umeuliza kama maji yanapatikana? Umeuliza kama majirani wanakaa ama wanahama?"

"Lakini geti umeliona?"

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kianda miaka kumi na tisa, sisi na watoto watatu. Akiba yetu ilitosha nyumba moja maishani, ya pili haipo. Ndiyo maana mimi nilikuwa na haraka, na ndiyo maana yeye hakuwa nayo.

Seline hufulia watu nguo; kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Adhis wetu. Basi Jumatatu akaenda Kawangware, akaanza kugonga milango ya mtaa uleule akiomba kufua. Nilikasirika, haki ya nani! "Tunanunua nyumba ama tunatafuta kibarua? Unaniaibisha mbele ya majirani wa kesho!" Akajifunga leso kiunoni, akaenda zake.

Kila jioni aliniletea habari nisizozitaka. Maji ya huko ni ya kisima, hayatoi povu vizuri, lakini yapo kila siku. Huko juu kuna mpangaji amekaa miaka minane. Huku chini karibu na mto, watu huhama kila mwaka kabla ya Aprili.

"Wanaenda shags, kijijini kwao, kwa Pasaka," nikamwambia.

"Na vitanda wanabeba?"



Mteja wake mmoja alikuwa shosh Wangoi, bibi mzee mwenye ploti za juu, mzaliwa wa hapohapo. Kagiri ni mdogo wa marehemu mumewe. Seline alimuuliza waziwazi juu ya ile nyumba, na shosh akageuza maneno, akaanza kusimulia habari za kuku wake. Angesemaje vibaya juu ya mali ya shemeji? Ukoo ungemla nyama. Lakini Ijumaa akamletea furushi.

"Haya mapazia yalikuwa kwa Kagiri mwaka jana. Ameyatupa kwa stoo yangu. Yafue polepole, uyatazame vizuri."

Seline akayafua, akayaanika, kisha akanipigia simu nije mbio. Yalikuwa sita. Kila moja, pindo likigusa chini, lilikuwa na mstari wa matope, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, juu kidogo ya kiuno changu. Seline alikuwa amesugua mpaka vidole vimechubuka, na mstari haujatoka. Nikamwaza Obonyo, kitinda mimba wetu. Angesimama pale mto ukijaa, maji yangepita juu ya kichwa chake.

Niliketi chini kwenye mawe. "Mama Adhis," nikasema, "mimi ni mjinga."

"Wewe ni wa viti tu," akasema, akacheka. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu, na leo nasema bila aibu.

Tulinunua vyumba viwili vya mawe huko juu. Sebule inatosha viti sita. Wajomba watajua la kufanya.

Aprili mvua ikaja na hasira. Siku ya tatu, asubuhi, nilishuka kuangalia. Maji yalikuwa yamefika madirishani kwa Kagiri, na lile geti limelala. Ndani hamkuwa na mtu, kwa sababu nyumba ilikuwa bado haijapata mnunuzi. Nikapanda moja kwa moja kwa shosh Wangoi na matope yangu, nikabaki nimesimama mlangoni.

"Shosh, nimekuja kusema asante."

"Ya nini? Mimi sikusema kitu," akajibu, macho yakiwa kwa birika. Akamimina chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Watoto wamelala pakavu?"

"Wamelala pakavu, shosh. Wote watatu." Na mimi, mzee mzima, nikalia hadi chai ikapoa.