Safu yangu ya "hali" imeliza watu Kiwangwa

Jamani, leo nimesababisha kilio kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa.

Mnajua natunza taarifa za wakulima wa mananasi kwenye ushirika wetu wa Kiwangwa. Humo kwenye jedwali la kompyuta niliongeza safu yangu mwenyewe, nikaiita "hali". Shamba likishavunwa lote, naandika KWISHA.

Asubuhi mafundi wa Dar wakaboresha mfumo.
Kumbe nao wameleta safu inayoitwa "hali".
Ila yao ni ya mwanachama, si ya shamba!

Mfumo ukachanganya mambo, ukaisoma KWISHA ya shamba kuwa ya mwenye shamba, ukatuma ujumbe kwa jamaa za wakulima:
"Hali ya mwanachama Athumani: KWISHA."

Na Mzee Athumani amelazwa hospitali tangu juzi.

Nimefika kwake mbio, hata shikamoo nimesahau. Majirani wameshatandika mikeka. Mkewe, Bi Mwanahamisi, analia. Nikampigia mzee simu hospitalini, nikamweleza, nikaweka sauti kubwa.

"Nipo! Yaliyokwisha ni mananasi!"

Watu wakacheka. Bi Mwanahamisi hakucheka.

Nikampigia fundi. "Dada, ungetanguliza jina la ushirika, ukaandika kiwangwa_hali, majina yasingegongana."
Nikamuuliza, "Sawa kaka, sasa je?"
"Mfumo tumeufunga mpaka kesho."

Bi Mwanahamisi akanishika mkono.
"Mwanangu, iambie hiyo mashine imwandike mzima. Sasa hivi, mwenyewe nikiona."

Na mfumo ukiwa umefungwa, mimi sina ruhusa ya kubadili hata herufi moja.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?