Kuchuchumaa Uani kwa Kuluthumu

Kuluthumu wa Ipagala ana maneno mengi na magoti mabovu. Nyumbani kwake, vyumba vitatu na ua, hupokea wanawake waliotoka gerezani na wanaohangaika kuachana na pombe ya gongo. Yeye mwenyewe alifungwa miaka miwili, na siku ya kutoka hakukuta mtu wa kumpokea. Ndiyo maana wenzake anawafuata mpaka geti la gereza. Anawalisha ugali na mlenda, anawasindikiza kliniki, anawafundisha kukaanga karanga za kuuza, na anawasema mpaka wanacheka.

Wote anawapenda, ila Debora alimkaa moyoni. Debora alifungwa kwa kupika gongo, ambayo na yeye aliinywa, na binti yake Evarista akabaki Mpwapwa kwa Anyesi, bibi yake mzaa baba. Sasa ulikuwa mwezi wa nane Debora hajaonja tone. Anyesi akatuma ujumbe kwamba anakuja kujionea mwenyewe. Akiridhika atamwacha mtoto. Asiporidhika, asiulizwe tena.

Siku hiyo Debora alifagia ua mara tatu. Kuluthumu akamtania kwamba akiendelea hivyo atafagia mpaka uani kwa jirani.

Wageni walipiga hodi saa nne asubuhi. Anyesi na mtoto waliletwa na Optatus, kaka yake Anyesi, mlinzi huko Chimwaga, aliyetoka zamu moja kwa moja na sare na buti zake. Kwa sauti yake nzito, Optatus akauliza Debora ni yupi.

Debora akachuchumaa. Mikono magotini, macho chini.

"Ni mimi, afande."

Gerezani ndivyo mfungwa anavyozungumza na askari, na mwili wake ulikuwa haujazoea kwamba kifungo kimekwisha. Anyesi akamvuta mtoto nyuma yake. Debora alitambua alichofanya, lakini aibu ikamgandisha palepale, asiweze kuinuka. Kuluthumu aliumia, maana mwaka wake wa kwanza uraiani aliwahi kumchuchumalia hata mgambo wa sokoni.

Akauchukua ungo wa karanga, akashuka taratibu, magoti yakilia, akachuchumaa ubavuni pa Debora.

"Karibu, dada Anyesi," alisema. "Sisi hapa karanga tunachagua hivi. Njooni mtusaidie."

Ulikuwa uongo mtupu. Vigoda vya kukalia vilikuwa vimepangwa ukutani, na kila mtu aliviona. Lakini Evarista alijichomoa mkononi mwa bibi yake, akaja kuchuchumaa mbele ya mama yake, akaanza kutoa karanga zilizooza, moja moja, kwa makini sana. Optatus akavua kofia yake, asijue aiweke wapi.

Anyesi alisimama kitambo akiwatazama. Kisha akakusanya kanga yake, naye akashuka.

"Huyu halali gizani," akamwambia Debora, mkono umo kwenye ungo. "Ukizima taa atalia."

"Sitaizima, mama."

Wakachagua mpaka ungo ukaisha. Wakati wa kuinuka, Kuluthumu alishindwa kabisa, akabaki anayatukana magoti yake. Debora ndiye aliyetangulia kusimama, akampa mkono.