Ungo wa Karanga

Shuleni tulikuwa na kipindi cha siasa. Mwalimu aliandika ubaoni, nasi tukanakili. Sikumbuki hata sentensi moja. Siasa niliyoijua niliipata kwenye benchi la mama mkubwa, Mkolani, kila Jumapili baada ya ibada.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea, na alikuwa balozi wa chama wa nyumba kumi. Watu wakigombana, walikuja kwake. Hakuwa na rungu wala mhuri. Alikuwa na ungo wa karanga. Aliuweka katikati ya wagomvi, akawaambia wabangue huku wakiongea. Karanga zikiisha na shauri limeisha. Nikikaa kizingitini niliwaona watu wazima wakianza kwa kufoka, kisha mikono ikawashughulisha, sauti zikashuka. Anayetaka kunyoosha kidole inabidi kwanza aweke karanga chini. Nilijifunza pale kwamba mwenye kelele mara nyingi ndiye mwenye hofu, na kwamba binamu wa balozi anaweza kushindwa kesi mchana kweupe.

Vyama vingi vilipokuja nilikuwa chuo kikuu, na nilivishangilia. Kwa nini chama kimoja kiwe na kila kitu, hadi ugomvi wa kuku? Nilirudi likizo na maswali hayo mdomoni.

Likizo hiyo jirani yetu mmoja, kijana aliyepata kazi kiwanda cha minofu ya sangara, alikuwa amejenga ukuta wa matofali ya saruji, wa kwanza mtaani. Ukuta ulikata mfereji uliokuwa ukishusha maji kutoka kwenye miamba ya juu. Sasa maji yangeelekea nyumba ya mjane aliyekaa chini yake, nyumba ya matofali mabichi. Manyunyu ya kwanza tu yalikuwa yamekwisha kulowesha ukuta wake wa nyuma. Alichotaka mjane ni tundu moja chini ya ule ukuta, maji yapite.

Mjane alileta shauri kwa mama mkubwa, na Jumapili kijana alikuja, lakini hakukaa. Juu ya paa lake ilikuwa ikipepea bendera ya chama kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Shika ungo."

"Hizo karanga za chama, mama. Mimi sizibangui."

Watu wakacheka. Hata mjane alicheka, halafu akajuta, akainama.

"Hizi nimezilima mwenyewe," mama mkubwa alisema. "Chama hakikunishikia jembe."

"Wewe ni balozi wa wenzako. Mimi balozi sina. Huyu bibi kama ana shida aende mahakamani, huko hakuna kadi ya chama." Akanigeukia. "Au nasema uongo? Si mna msomi hapa, mwulizeni."

Wote wakanitazama. Nikaeleza kwamba balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali, na mtu wa chama kingine halazimiki kuja kwake. Ilikuwa kweli. Ni kweli hadi leo.

Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile ile aliyowapa wagomvi.

"Sawa," akasema. "Na mvua nayo imeisoma hiyo sheria?"

Kijana aliaga vizuri, akaondoka. Mjane alibaki akibangua peke yake, haraka haraka, kana kwamba akimaliza ungo kesi yake ingeisha. Mama mkubwa alimwacha amalize.

Kesho yake nilimsindikiza mjane mahakama ya mwanzo. Karani alikuwa mwema, akampangia siku. Siku hiyo ilikuwa mbali, na mvua haikungoja. Alfajiri moja ukuta wa nyuma ulilala chini mzima, ukafunika majembe na chungu cha mbegu. Mjane mwenyewe alikuwa jikoni nje, akiwasha moto. Kaka yake alikuja na mkokoteni, akamchukua kwenda kwake Buswelu. Shauri lilipoitwa, mlalamikaji hakuwepo, likafutwa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi. Je, kijana alikosea kukataa? Ningekuwa yeye ningekataa. Je, mama mkubwa alistahili kuwa hakimu wa watu ambao si wenzake? Hapana. Kila ninapouliza, jibu linanipa haki mimi, na nyumba haipo. Kiti kile cha balozi ilikuwa lazima kiondoke. Kinachoniuma ni kwamba hatukuweka kingine mahali pake kabla ya masika.

Kijana alitoboa tundu mwenyewe, wiki chache baadaye. Hakuna aliyemwambia. Jumapili iliyofuata alipita mbele yetu, akaamkia. Mama mkubwa aliitikia, akasogea kidogo kwenye benchi, akamwachia nafasi. Kijana aliitazama ile nafasi, akasema anawahi zamu kiwandani.

Jumapili kiwanda kilikuwa kinafungwa. Mama mkubwa alilijua hilo. Alivuta ungo mapajani, akaniambia nisogee nimsaidie.