Joto la Udongo, Joto la Majani

Mwenzangu wa Kitale aliponitumia picha ya shamba lake la majaribio, niliikuza kwenye simu nikitafuta kosa. Sikuliona, nikakasirika. Tulisoma chuo kikuu darasa moja; yeye akaendelea hadi akawa daktari wa sayansi ya kilimo, mimi nikarudi Bungoma kufundisha kwa mkataba na kuandika makala ambazo mke wangu huzisoma nikimkumbusha.

Msimu huo kikundi cha wakulima wa Tongaren wanaomwagilia mahindi kwa pampu kilitaka mmoja wetu awe akiwaambia lini mimea ina kiu. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyokuwa tayari kuonyesha. Sote tulitumia picha za setilaiti zinazosoma joto la uso wa shamba. Kutokana nalo unakadiria ni joto kiasi gani linapanda hewani. Likipanda jingi, mmea umekosa maji ya kujipoza.

Shida ni kwamba pale wanaacha nafasi pana kati ya mistari ili wachomeke maharagwe. Mahindi yakiwa bado ya magotini, setilaiti inaona zaidi udongo uliochomwa na jua, na majani kidogo tu. Mimi nililihesabu joto hilo kama la kitu kimoja. Yeye alitenganisha udongo na majani, kila kimoja na njia yake ya kutoa joto. Nilimpigia simu kumwambia anajisumbua. Akasema labda. Hiyo labda yake ya upole ilinikera wiki nzima.

Siku ya kulinganisha makadirio yetu na vipimo vya mlingoti wa kupimia joto linalopanda hewani, uliosimikwa katikati ya shamba moja la kikundi, yake yalikaribia kabisa. Kwa hesabu yangu, shamba lile lilikuwa linakufa kwa kiu. Majani yalikuwa wima, na chini ya vumbi, ncha ya kiatu changu ilikuta unyevu. Mwenyekiti wa kikundi alitukaribisha kwake tule.

Kwa desturi ya huku, firigisi ya kuku ni ya mwanamume, na mgeni wa heshima ndiye hupewa. Mgeni mwanamume nilikuwa mimi tu. Nikasogeza sahani. Mke wa mwenyekiti akaipita.

"Ya daktari kwanza," alisema.

Mzee mmoja akaguna. "Mama, si huyo ni mwanamke?"

"Si ndiye atatuambia siku ya kufungua pampu? Mwalimu, wewe chukua shingo. Iko na supu."

Hivyo ndivyo nilivyopashwa habari kwamba wameamua. Nilisema asante, maana mdomo ulihitaji kazi.

Mwenzangu aliikata firigisi, akaniwekea kipande, akaniomba nimsaidie kuwaeleza wakulima makadirio kwa lugha nyepesi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kisha nikakitazama kipande changu, nikakitazama chake, nikijaribu kukadiria kwa macho kipi ni kikubwa.