Dola ya jubilei imeingia kwenye sadaka

Binti yangu Neema ametoka kutumbukiza dola yake ndani ya kikapu cha sadaka, mbele ya macho yangu!

Si ya karatasi, bon. Ni ile sarafu waliyotengeneza kwa jubilei ya mji wetu huu wa Buffalo, huku Amerika. Jirani yetu mzee alimpa alipozaliwa, akasema, "Huyu ni mtoto wa hapa."

Neno hilo mimi, niliyekuja mgeni, sijawahi kuambiwa. Ndiyo maana niliitunza.

Nikamuuliza, "Kwa nini umeitoa, mama?"

"Inang'aa. Mungu ataipenda."

Donc niko hapa mlangoni mwa kanisa na noti ya dola mkononi, nataka kuomba tubadilishe, lakini haya imenishika.

Wadada, nyinyi mungefanya nini?

Ayi, shemasi ameiona. "Mama Neema, kuja! Hii ni yenu?" Mtoto ananitazama. Ngojeni niende, nitawaambia.